Kipimo cha damu na dawa za TB: kipi chaonyesha wapona, kipi hakionyeshi

Wiki kadhaa zilizopita nilipigiwa simu kutoka Kikima, lile soko la milimani Mbooni, kaunti ya Makueni. Aliyepiga ni fundi wa kuchonga vinyago ambaye tulikuwa majirani miaka mingi hapa Mombasa, upande wa Changamwe. Alianza dawa za kifua kikuu, yaani TB, huku Pwani, kisha akahamishiwa kliniki ya kwao ili awe karibu na watu wa kumtunza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Ndugu yangu, damu yangu imesafika," akaniambia. "ESR ilikuwa tisini na sita, sasa ni ishirini na nane. Kikohozi hakuna, usiku nalala. Hivi vidonge vya miezi minne iliyobaki ni vya kazi gani?"

Nikamuuliza kama alipeleka makohozi ya mwezi wa pili. Akacheka. "Yatoke wapi? Kifua kimekauka."

Tulipozungumza zaidi akakiri kuwa siku tatu hajameza dawa.

Mimi si daktari. Lakini swali la fundi nimelisikia Kisauni, Likoni na Malindi, na huenda nawe umelisikia nyumbani kwako. Ndipo nikaketi na watu wa maabara na wa kliniki, nikasoma, nikaandika haya ili msomaji ajue: katika damu yetu, ni kipi chaweza kutuambia kwamba dawa ya TB inafanya kazi, na ni kipi hakiwezi?

Kwa nini makohozi hayatoshi

TB ya mapafu hutibiwa kwa miezi sita. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Njiani, kliniki huomba makohozi mwezi wa pili, wa tano na wa sita, ili yatazamwe kwa hadubini kama bado yana bakteria. Yakionekana mwezi wa tano au baadaye, matibabu huhesabiwa kuwa yameshindwa, na ni lazima ichunguzwe kama bakteria wamekuwa sugu.

Utaratibu huu umeokoa watu wengi, lakini una mapungufu matatu.

La kwanza ndilo lililompata fundi. Kadiri mgonjwa anavyopata nafuu, ndivyo makohozi yanavyokatika. Watoto wadogo hawawezi kuyatoa tangu mwanzo. Na mwenye TB ya tezi, ya uti wa mgongo au ya utando wa ubongo hana makohozi ya kutoa.

La pili, hadubini haitofautishi maiti na mzima. Bakteria aliyekufa huonekana vilevile kama aliye hai. Hata mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipitisha mwishoni mwa 2010, ina kasoro hiyo hiyo katika jambo hili. Inasoma chembe za urithi za bakteria, na chembe hizo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa. Ndiyo maana GeneXpert ni hodari wa kugundua TB na usugu wa rifampisini, lakini haitumiwi kupima kama mgonjwa anaendelea kupona.

La tatu, njia ya uhakika zaidi ni kuotesha makohozi maabara na kungoja kama bakteria watamea. Bakteria wa TB ni wavivu wa kukua. Jibu huweza kuchukua wiki sita au zaidi, na katika muda huo mgonjwa ameshamaliza nusu ya safari.

Kwa sababu hizo, watafiti kwa miaka mingi wamekuwa wakiitazama damu. Damu kila mtu anayo, mtoto na mzee, mwenye kukohoa na asiyekohoa.

ESR: kipimo cha babu zetu

Kipimo alichonitajia fundi ni cha zamani. Damu isiyoganda hutiwa katika mrija mwembamba uliosimamishwa wima, kisha hungojewa saa moja. Chembe nyekundu hushuka chini, na mtu wa maabara husoma zimeshuka milimita ngapi. Mwili unapopambana na ugonjwa, protini fulani huongezeka katika damu na kuzifanya chembe hizo zishikane. Zikishikana huwa nzito, nazo huzama upesi.

Njia inayotumika hadi leo yaitwa kwa jina la daktari wa Sweden, Alf Westergren, aliyeieleza mwaka 1921. Wagonjwa aliowachunguza walikuwa wa kifua kikuu. Kwa hivyo kupima TB kwa ESR si jambo jipya, limetimiza karne.

Kwa mtu mzima mwenye afya, ESR aghalabu haizidi 20 au 30 kutegemea umri na kama ni mwanamume au mwanamke. Katika TB yaweza kupita 50, hata 100. Dawa zikifanya kazi, hushuka polepole kwa miezi. Fundi kutoka 96 hadi 28 ni habari njema, hilo silikatai.

Lakini ESR hupanda kwa mambo mengi: upungufu wa damu, mimba, uzee, baridi yabisi, maambukizi mengine. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kila mtu wa Pwani ajua kwamba yapo mawingu yasiyoleta mvua. Zaidi ya hayo, ESR huweza kurudi kawaida huku bakteria wachache wangali wamejificha.

CRP: kijana mwenye mbio

Kipimo cha pili huandikwa CRP kwenye karatasi ya maabara. Hii ni protini inayotengenezwa na ini mara mwili unapovamiwa. Iligunduliwa mwaka 1930 mjini New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Tofauti yake na ESR ni kasi. CRP hupanda kwa saa chache, na chanzo kikiisha, kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Mgonjwa wa TB anayeitikia dawa, CRP yake huanza kuteremka ndani ya wiki za mwanzo.

Mwaka 2021 WHO lilikubali CRP itumike kuwachuja watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ili ijulikane nani apelekwe kupimwa TB kwa undani. Kiwango kikizidi miligramu 5 kwa lita, mtu huyo huchunguzwa zaidi. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitoka Kampala, Uganda, kwa tone la damu ya kidoleni.

Hata hivyo, hapo ni kuchuja, si kuthibitisha kupona. CRP ni moshi. Ukiuona wajua pana moto, lakini haukwambii kinachoungua ni nini. Na moshi ukikatika, haina maana kwamba makaa yaliyo chini ya jivu yamezimika.

Pana jambo jingine la kuangalia. Mgonjwa wa TB mwenye virusi vya Ukimwi akianza dawa za kupunguza makali, kinga yake huamka na kuanza kupigana kwa nguvu. Tezi zaweza kuvimba, homa ikarudi, na CRP ikapanda, ilhali bakteria wanakufa. Mtu akisoma namba peke yake atadhani dawa zimeshindwa. Namba yataka mtu wa kuisoma pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Somo lililotoka kwetu

Nilimweleza fundi kwamba swali lake la miezi minne lilikwisha kujibiwa, na waliolijibu ni wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Kuanzia mapema miaka ya 1970, watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walijaribu kama matibabu ya TB yaweza kufupishwa hadi miezi sita. Zama hizo mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu. Majibu ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Makundi yote yalipewa streptomaisini na isoniazidi, kisha baadhi wakaongezewa dawa ya tatu.

Baada ya miezi sita, karibu wote katika kila kundi walikuwa na makohozi safi. Kama watafiti wangefunga daftari siku hiyo, wangesema dawa zote ni sawa. Hawakulifunga. Waliendelea kuwafuata wagonjwa baada ya kuacha dawa, na hapo ndipo tofauti ilipotokea. Katika makundi ambayo hayakupewa rifampisini wala pirazinamaidi, zaidi ya mmoja kati ya kila watano alirudiwa na ugonjwa. Kwa waliopewa rifampisini, waliorudiwa walikuwa wachache sana.

Kipimo safi si sawa na kupona. Wapo bakteria wanaolala, hawazaliani, hawaonekani, wala hawauamshi mwili hata damu ikabadilika. Dawa za miezi minne ya mwisho ni za hao. Bado hakuna kipimo cha damu kinachotumika katika kliniki zetu chenye uwezo wa kuwahesabu waliolala.

Damu inayopimwa kukulinda na dawa yenyewe

Wagonjwa wengi hudhani kila sindano ya damu ni ya kutafuta TB. Nyingine ni za usalama, nazo ni muhimu sana.

Ini ndilo la kwanza. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi zote zaweza kuliumiza. Kimeng'enya cha ini kinachoandikwa ALT kikizidi mara tatu ya kawaida na mgonjwa ana dalili, au mara tano hata bila dalili, daktari husimamisha dawa kwa muda. Dalili zenyewe ni kichefuchefu kisichoisha, maumivu ya tumbo upande wa kulia, na macho kuwa manjano. Mkojo kuwa rangi ya chungwa usikutishe, hiyo ni rangi ya rifampisini. Macho kuwa manjano ndiyo ya kukimbilia hospitali.

Hapa natia neno kwa watu wetu. Mgonjwa anayechanganya vidonge na pombe, au na mitishamba asiyoijua vipimo vyake, analibebesha ini mzigo juu ya mzigo. Ukitumia chochote, mwambie mhudumu. Hatakucheka, ataka kujua tu asije akadhani ni dawa.

Sukari ni ya pili. Kisukari huongeza hatari ya kuugua TB takriban mara tatu, na sukari ikiwa juu, kupona huwa kugumu. Pwani yetu ya mahamri, chai tamu na halua, kipimo hiki kisikose.

Wenye TB sugu hupimwa zaidi. Dawa moja wanayopewa, linezolidi, yaweza kupunguza chembe za damu, kwa hivyo damu yao huhesabiwa mara kwa mara. Nyingine, bedakwilini, hufuatiliwa kwa kipimo cha mapigo ya moyo.

Vipimo vya kutolipia

Mke wa fundi, kabla hawajarudi Kikima, alitozwa pesa katika maabara moja ya kibinafsi kwa kipimo cha "TB ya damu". Kilikuwa cha kingamwili, kile cha kutia tone kwenye kipande cha plastiki na kungoja mstari. Aliambiwa anayo, akalia siku mbili. Kliniki ilipompima ipasavyo, hakuwa nayo.

Julai 2011 WHO lilitoa tamko kwamba vipimo vya kingamwili vya TB vinavyouzwa visitumiwe kabisa. Vinawapa wazima ugonjwa na wagonjwa uzima. Ukiuziwa, kataa.

Kipo kingine cha damu, cha heshima zaidi, kinachopima kama chembe nyeupe zinazikumbuka protini za bakteria wa TB. Hiki ni kweli na kina kazi yake, lakini kinasema tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria hao. Hakitofautishi aliyelala na aliyeamka, na mara nyingi hubaki vilevile hata baada ya matibabu kukamilika. Usikitumie kuuliza, "Je, nimepona?"

Kinachokuja

Mwaka 2023 WHO liliorodhesha sifa za kipimo kinachotakiwa kwa ajili ya kufuatilia matibabu ya TB, ili watengenezaji wajue walenge wapi.

Njia moja ni kusoma maagizo ya chembe nyeupe. Chembe hizi zinapopigana na TB, baadhi ya jeni huandika maagizo mengi kupita kawaida, na nyingine huandika machache. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba jeni tatu tu, zinazoitwa GBP5, DUSP3 na KLF2, zaweza kutenganisha mwenye TB na asiye nayo. Kadri dawa zinavyofanya kazi, alama hiyo hushuka. Kampuni ya Cepheid, ile ya GeneXpert, ilitengeneza kipimo cha majaribio kwa msingi huo, kinachotumia damu ya kidole katika mashine ambazo tayari ziko hospitalini, na jibu hutoka kwa muda usiofika saa moja. Kimejaribiwa Uganda, Gambia, Afrika Kusini na Vietnam. Ni mapema kukiita mkombozi, maana jeni hizo huweza kuwaka pia kwa magonjwa ya virusi.

Njia nyingine inarudi kwenye makohozi, ila kwa akili mpya. Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kilibuni kipimo kinachosoma ujumbe wa bakteria unaooza upesi anapokufa. Kwa hivyo wanaohesabiwa ni walio hai tu, na jibu hupatikana kwa saa badala ya wiki. Mbeya, Tanzania, ni miongoni mwa sehemu kilikojaribiwa.

Vipimo vya namna hii vikikamilika, daktari ataweza kumjua mapema mgonjwa ambaye dawa hazimfai, badala ya kungoja mwezi wa tano. Na huenda wapo watakaoweza kutibiwa kwa muda mfupi zaidi kwa ushahidi, si kwa kujikadiria kama alivyofanya fundi.

Jamaa wa TB

Bakteria wa TB ana ukoo. Ukoma, ambao bado haujaiaga Pwani, ni wa ukoo huo, nao hufuatiliwa zaidi kwa ngozi na mishipa ya fahamu kuliko kwa damu. Wapo pia wa udongoni na majini wanaoshambulia mapafu, hasa yenye makovu ya TB ya zamani. Kwa hadubini wanafanana mno na TB. Mgonjwa anayeonekana "dawa hazimkubali" huenda ana mmoja wa hawa, na dawa zake ni nyingine. Kuotesha ndiko kunakowatenganisha.

Ufanye nini basi?

Utafiti wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu 558 wenye TB ya mapafu katika kila watu wazima 100,000, na wengi walikuwa hawajagunduliwa. Huu ni ugonjwa wa mtaani kwetu. Shika haya:

1. Meza dawa hadi kliniki ikwambie basi. Karatasi ya ESR au CRP haina mamlaka hayo.
2. Pima uzito kila ukienda kliniki. Mgonjwa anayeongezeka kilo anaelekea pazuri, na kipimo cha vidonge hutegemea uzito.
3. Makohozi yakikauka, sema. Yatafutwe alfajiri kabla ya kula. Baadhi ya hospitali zina mvuke wa maji ya chumvi wa kuyalainisha.
4. Ukiwa na karatasi za damu, zitunze pamoja. Namba moja haisemi mengi. Namba tatu za tarehe tofauti, zikisomwa na mhudumu, zaweza kusema.
5. Ukipimwa damu, uliza: hii ni ya ini, ya sukari, au ya nini?
6. Ukihama mji, hama na barua ya kliniki. Dawa za TB katika hospitali za serikali hazilipishwi, Mombasa wala Makueni.
7. Ukikosa dawa siku kadhaa, usifiche. Rudi useme kweli.

Wazee wetu wa Pwani husema usiache mbachao kwa msala upitao. ESR iliyoshuka ni msala mzuri wa kupita. Mbachao wa mgonjwa wa TB ni vidonge vyake vya kila siku.

Fundi alirudi kliniki siku ya pili yake na kueleza zile siku tatu. Hawakumgombeza. Walimpa chombo, akaja nacho alfajiri na makohozi kidogo, yakawa safi. Sasa yumo mwezi wa tano, na kutoka kilo 51 amefika 58. Juzi alinipigia tena kunipa habari za kinyago anachochonga. ESR hakuitaja. Nilimuuliza vidonge vimebaki vya siku ngapi, naye akanitajia bila kusita.